Bure Hii ni ya Nani?

Nawasalimu wa hapa Kibaoni, wa Usevya na Mbede, wa Majimoto, wa Mpanda mjini, wa Katumba na Mishamo, na ninyi wa mwambao wa ziwa, Karema na Ikola.

Najua wengi mnasubiri nitaje bei ya mpunga. Leo mtanisamehe. Nataka tuzungumze kuhusu watu wanaofungua milango ya bure wakati nchi yao iko vitani. Darasa la watoto waliokatishwa shule na risasi. Vyerehani vichache chini ya turubai. Chumba ambacho mama aliyetendewa unyama anaingia, anakaa, na yupo mama mwenzake wa kumsikiliza. Hakuna ada, hakuna fomu ya kununua, hakuna njoo kesho.

Utaniuliza, Kibaoni kuna vita gani? Vita vyetu ni vya tembo wanaotoka hifadhini kuja kula mahindi. Ni kweli, na wale nao siwadharau. Lakini mkoa huu wa Katavi umejengwa, sehemu kubwa, na vita vya majirani. Ukitoka Mpanda mjini kwenda Katumba, au ukikata kwenda Mishamo, unapita kwenye vijiji ambavyo mwaka 1970 vilikuwa miombo, mbung'o na wanyama. Waliovifyeka ni watu waliokuja na watoto mgongoni.

Tuanzie hapo basi, maana pale tuna mashahidi.

Mwaka 1972, kuanzia mwezi wa nne, Burundi iliwaka moto. Baada ya uasi wa Wahutu kusini mwa nchi, serikali ya Rais Micombero ililipiza kisasi, na katika miezi michache waliuawa watu zaidi ya laki moja. Kinachonigusa zaidi katika habari ile ni waliotafutwa kwanza. Walitafutwa waliosoma. Walimu walichukuliwa shuleni, wanafunzi wa sekondari na wa chuo kikuu waliitwa majina kutoka kwenye orodha, wakapakiwa kwenye malori wasirudi. Mtoto wa Kihutu aliyekuwa na daftari alikuwa hatarini kuliko aliyekuwa na jembe. Fikiria sasa mzazi aliyeyaona hayo, akavuka mpaka, akafika huku kwetu, na mwaka mmoja au miwili baadaye anaambiwa: mlete mtoto shule, ni bure.

Makazi ya Ulyankulu, kule Tabora, yalianza mwaka huohuo wa 1972. Katumba ilifuata mwaka 1973. Mishamo ilikuja mwaka 1978. Yaliendeshwa kwa makubaliano ya pande tatu: serikali yetu, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, na shirika la makanisa la TCRS lililokuwa likihudumia wakimbizi nchini tangu mwaka 1964. Kila familia ilipimiwa shamba, hekta tano hivi, ikapewa jembe, mbegu na chakula cha kuanzia. Zahanati zikajengwa, na shule za msingi zikajengwa.

Angalia walichofundishwa watoto wale. Walifundishwa mtaala wa Tanzania, kwa Kiswahili, sawasawa na mtoto wa Kibaoni. Hapakuwa na mtaala wa Burundi wala Kifaransa. Serikali ya Mwalimu Nyerere haikuwapa uraia siku ile, lakini kwa kuwapa darasa letu iliwapa nusu ya safari. Wapo waliolalamika, na walikuwa na haki: njia ya kwenda sekondari ilikuwa finyu kwao, na mtoto aliyefaulu darasa la saba Mishamo alijiona bado ni mgeni. Mtafiti mmoja, Liisa Malkki, aliyeishi Mishamo katikati ya miaka ya 1980, aliwakuta wazee wakiwasimulia watoto historia nyingine kabisa nje ya darasa, historia ya Burundi yao, jioni baada ya shamba. Kwa hiyo pale palikuwa na shule mbili. Ya asubuhi ilikuwa ya serikali, na ya jioni ilikuwa yao wenyewe. Zote mbili zilikuwa bure, na kila moja ilikuwa na mwenyewe.

Hapo ndipo hoja yangu ya leo ilipo, msikilizaji. Tukisikia kituo cha bure tunafurahi na kupiga makofi, hatuulizi bure hii ni ya nani. Nani anashika ufunguo? Nani atalalamika kituo kikifungwa? Na aliyekifungua anataka nini kwa anayeingia? Nayauliza kama anavyouliza mnunuzi wa ng'ombe mnadani, bila ubaya, lakini meno anayaangalia.

Katumba ilikabidhiwa kwa serikali mwaka 1978, Mishamo mwaka 1985. Wafadhili walifunga mizigo, magari meupe yakapungua. Shule hazikufa. Hazikufa kwa sababu tayari zilikuwa shule za kijiji, zenye mwalimu anayelipwa kama mwalimu mwingine yeyote wa Mpanda na wazazi wanaozijua. Ndiyo maana mwaka 2007 watu wa makazi yale, zaidi ya laki mbili, walipoulizwa wanataka nini, watu wanane kati ya kila kumi hivi walisema tunabaki. Wengi wa waliobaki walikuwa wamezaliwa na kusoma hapa. Mwaka 2014 watu wapatao laki moja na elfu sitini na mbili wakapewa vyeti vya uraia. Waziri Mkuu wa wakati ule alikuwa mtu wa hapa hapa Kibaoni, Mizengo Pinda, na siwezi kuacha kulitaja hilo nikiwa nimekaa kijijini kwake. Ilichukua miaka 42, na mpango wenyewe ulikwama njiani, hadi wengine wakaacha kulima mazao ya muda mrefu wakidhani watahamishwa kesho. Yalikuwa mateso. Lakini watoto walikuwa wanaendelea kusoma.

Linganisha na Nyarugusu, kule Kasulu. Kambi ile ilifunguliwa mwaka 1996, vita vya Kongo vilipoanza na watu wa Fizi, Uvira na Kalemie wakavuka ziwa kwa maboti kuja Kigoma. Mwaka 2015 wakaongezeka Warundi wa awamu nyingine, na kwa muda mrefu watoto walisomea chini ya miti, zamu ya asubuhi na zamu ya mchana, mvua ikinyesha somo limeisha. Pale mtoto wa Kikongo anasoma mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa. Wa Burundi anasoma wa Burundi. Walimu ni wakimbizi wenzao wanaolipwa posho ndogo. Sababu inayotolewa ni kwamba watu hawa watarudi kwao, na wakirudi na cheti cha Tanzania hakitawasaidia. Ina mantiki. Lakini kuna kijana amezaliwa Nyarugusu, amemaliza shule Nyarugusu, ana miaka zaidi ya 25, Kiswahili chake ni cha Kigoma, na elimu yake yote ilikuwa maandalizi ya nchi ambayo hajawahi kuikanyaga. Pale darasa la bure limebeba ujumbe wa sera: wewe unapita. Sisemi walimu wale wana kosa. Wangefundisha hata juu ya mawe. Nasema mwenye bure ameamua mtoto atakuwa nani kabla mtoto hajaamua.

Na si serikali peke yake. Dini nayo imefanya hivyo, na chama cha siasa nacho kimefanya.

Wa Karema mnajua. Mwaka 1885 Mapadre Weupe walipokea ile ngome ya Wabelgiji pale ziwani, wakati pande zote mbili za Ziwa Tanganyika zilikuwa katika vurugu za biashara ya watumwa. Waliwakomboa watoto, maana yake waliwanunua kutoka kwa wafanyabiashara, wakawalea na kuwafundisha. Miongoni mwa waliokombolewa hivyo, mbali sana na hapa, alikuwa kijana wa karibu na Timbuktu, Adriano Atiman. Alipelekwa Algeria, kisha Malta akasomea udaktari, na mwaka 1889 akafika Karema. Alitibu watu pale hadi alipofariki mwaka 1956. Miaka 67! Waganga wa wilaya wangapi wamepita Mpanda, nani anakumbukwa hivyo? Lakini Kardinali Lavigerie, aliyewatuma mapadre wale, alikuwa na ndoto yake ya ufalme wa Kikristo katikati ya Afrika, na kila mtoto aliyekombolewa alihesabiwa ndani ya ndoto ile. Uponyaji ulikuwa wa kweli na ndoto ilikuwa ya kweli. Atiman mwenyewe nadhani aliizidi ile ndoto kwa kukaa tu, mwaka baada ya mwaka, akawa wa Karema kuliko alivyokuwa wa mtu yeyote.

Chama je? Mwaka 1963 pale Dar es Salaam FRELIMO walifungua Taasisi ya Msumbiji, ikiongozwa na Mama Janet Mondlane, kwa ajili ya vijana waliokimbia utawala wa Wareno. Masomo bure, malazi bure. Halafu vita vya ukombozi vikaanza mwaka 1964, na chama kikawaambia wanafunzi: nchi inawahitaji, simamisheni masomo mwende vitani, mkafundishe na kutumika katika maeneo yaliyokombolewa. Baadhi yao walikataa. Walitaka digrii, walitaka masomo ya ng'ambo, na padre mmoja mwenzao, Mateus Gwenjere, akawa upande wao. Mwezi Machi 1968 zikazuka vurugu ndani ya taasisi, ikafungwa. Sekondari ya FRELIMO ilikuja kuanza upya Bagamoyo mwaka 1970, safari hii nidhamu ikiwa kali na kilimo kikiwa sehemu ya ratiba. Mimi katika ugomvi ule sina upande. Wanafunzi walidhani wamepewa zawadi, chama kilidhani kimetoa mkopo.

Sasa tuvuke ziwa.

Ukisimama Karema ukatazama magharibi, ng'ambo ni Mpala na Moba, na kaskazini kidogo ni Kalemie. Wote wanaongea Kiswahili, cha kwao, chenye ladha yake. Ukiendelea juu unafika Fizi, Uvira, Bukavu, Goma. Vita ambavyo tunaviita vya Kongo vimekaa katika miji hiyo tangu mwaka 1996, vikibadilisha majina ya makundi tu. Huko, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kulianza kitu ambacho naona kingestahili kusomwa katika kila chuo cha ustawi wa jamii hapa kwetu: nyumba za kusikiliza.

Ubakaji katika vita vile ulitumika kama silaha, kwa makusudi, mbele ya waume na watoto. Daktari Denis Mukwege alifungua hospitali ya Panzi Bukavu mwaka 1999 akitegemea kuzalisha akina mama, akajikuta anashona majeraha. Mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel pamoja na Nadia Murad wa Iraki. Hilo dunia inalijua. Lisilojulikana sana ni kwamba wanawake wengi hawakufika Panzi. Mwanamke yuko kijijini Fizi au Walungu, barabara ina wanajeshi, mume amemfukuza, na aibu iko juu yake wakati ilitakiwa iwe juu ya aliyemtenda. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI inatakiwa ianze ndani ya saa 72. Saa 72 ni siku tatu. Siku ya kwanza analia, ya pili anafichwa na mama mkwe, ya tatu ndiyo hiyo inakwisha.

Nyumba ya kusikiliza ni nyumba ya kawaida hapo hapo mtaani au kijijini. Wanaoikalia ni wanawake wa eneo lile, wengine wao wenyewe waliyapitia. Wamefundishwa kusikiliza bila kuhoji kama polisi, wamefundishwa kujua lini mtu apelekwe hospitali upesi na kwa njia gani. Hii yote ni kazi ya ushauri. Lakini siri ya mafanikio yake iko chumba cha pili. Chumba cha pili kuna vyerehani. Kuna wanaofuma vikapu, wanaotengeneza sabuni, wanaojifunza kusoma na kuandika, na nje kuna wanaookota mawe kwenye maharage ya kupika. Mwanamke akionekana anaingia pale, jirani hawezi kusema amebakwa. Huenda ameenda kushona, au kujifunza kuandika jina lake. Anakuja wiki ya kwanza kwa ajili ya sabuni, wiki ya tatu anabaki nyuma wenzake wakiondoka, na hapo ndipo anasema.

Mnaona ujanja huo? Ungeweka bango kubwa, KITUO CHA WAATHIRIKA WA UBAKAJI, na nembo za wafadhili watano chini yake, wangekuja wageni wa kupiga picha. Wenyewe wasingekuja. Nimeona mabango ya aina hiyo katika nchi yetu, kwa mambo mengine, na nimeona nyasi zilivyoota mlangoni.

Huko Bukavu pia kuna mahali panapoitwa Mji wa Furaha, palipofunguliwa mwaka 2011 kwa ushirikiano wa Taasisi ya Panzi na mwandishi Mmarekani aliyejulikana kwa jina la Eve Ensler, pakiongozwa na Mama Christine Schuler Deschryver. Wanawake 90 kwa awamu moja wanaishi pale miezi sita, bila kulipa, wanasoma, wanajifunza haki zao, kujilinda, kilimo, wanacheza ngoma. Goma kuna Heal Africa ya Daktari Jo Lusi na marehemu mkewe Lyn, ambayo hospitali yao iliharibiwa na lava ya Nyiragongo Januari 2002 wakaijenga tena, na ambao nao walitegemea akina mama washauri vijijini. Na kuna madarasa ya fidia kwa watoto waliopitwa na shule, ambako miaka sita ya msingi inafupishwa kuwa mitatu. Wa hapa mtasema hiyo ni MEMKWA. Ndiyo, ni ndugu yake.

Nitasema pia kuhusu pesa, maana bure ina gharama na kuna anayelipa. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, ibara ya 43, inasema elimu ya msingi ni bure. Ilikaa kwenye karatasi miaka 13. Wazazi ndio waliokuwa wakimlipa mwalimu, kila mwezi, kwa mtoto, na asiye na hela mtoto alirudishwa nyumbani. Septemba 2019 serikali ya Tshisekedi ikatangaza bure kweli, na madarasa yakafurika kama yetu yalivyofurika Januari 2016. Sisi hatukuwa na vita na bado madawati hayakutosha.

Sasa sikiliza tarehe hizi mbili. Tarehe 20 Januari 2025, Rais Donald Trump, siku ileile aliyoapishwa, alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90. Fedha za Marekani zilikuwa zaidi ya nusu ya misaada ya kibinadamu iliyoingia Kongo mwaka uliotangulia. Tarehe 27 Januari, wiki moja tu baadaye, waasi wa M23 waliingia Goma. Katikati ya Februari wakaingia Bukavu. Benki zikafunga milango. Uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Kwa hiyo hata kituo kilichokuwa na akiba kwenye akaunti hakikuweza kutoa hata noti moja ya kununulia maharage. Dawa zile za saa 72 zikaanza kwisha katika zahanati, katika wiki ambazo zilihitajika kuliko wakati mwingine wowote.

Kituo kilichokuwa na uti wa mgongo Washington kiliyumba hapo. Kilichobaki kimesimama, kwa kadiri kilivyoweza, ni mama wa mtaani anayejua nyumba ya mwenzake iko wapi. Sitaki kumfanya shujaa ili tumwachie mzigo. Huo ni mchezo wa zamani: tunamsifia mwanamke wa Kiafrika kwamba ana moyo wa chuma, halafu bajeti inapelekwa kwingine. Mama yule naye anakula, ana watoto, naye analala akisikia risasi. Akifanya kazi ya serikali alipwe na serikali. Ninachosema ni kwamba pesa ilipoondoka, ujuzi haukuondoka nayo, kwa sababu ujuzi uliwekwa ndani yake na haukubaki ofisini kwenye kompyuta ya meneja wa mradi.

Sudan wametufundisha jambo hilohilo kwa njia kali zaidi. Vita vya majenerali wawili, Burhan na Hemedti, vilipoanza Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, mashirika makubwa yaliondoka ndani ya siku chache. Vijana wa mitaa, wengi waliokuwa katika kamati za upinzani zilizomng'oa Bashir mwaka 2019, wakaanzisha wanavyoviita vyumba vya dharura. Jiko moja la mtaa, mchele na adesi kwenye sufuria kubwa, kila mtu na bakuli lake. Kutoka jikoni kukatoka zahanati, kukatoka chumba cha wanawake, kukatoka darasa la watoto kwenye ua wa msikiti au ndani ya shule iliyogeuzwa makazi. Watoto milioni 17 hivi wa nchi ile walikuwa nje ya shule. Wao wana desturi ya kale wanayoiita nafir, kama msaragambo wetu, mtu akizidiwa na shamba kijiji kinakwenda. Mwaka 2025 walipewa Tuzo ya Rafto ya Norway. Lakini jeshi limewakamata wanaojitolea wale na wapiganaji wa upande wa pili wamewakamata vilevile, kila upande ukisema ni wa upande mwingine. Ukimlisha kila mtu, unashukiwa na kila mtu.

Nirudi nyumbani. Katavi hatupigani, lakini takwimu za afya za taifa za mwaka 2015 na 2016 zilituweka wa kwanza nchini kwa jambo ambalo hakuna anayelisema kwenye mikutano: kati ya wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19 katika mkoa huu, 45 walikuwa tayari wamezaa au ni wajawazito. Waliokuwa wanafunzi kati yao walitolewa shule. Mlango ulifunguliwa tarehe 24 Novemba 2021, serikali iliporuhusu warudi darasani baada ya kujifungua. Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Msaginya, hapo Nsimbo, kipo katika mtandao wa vyuo vilivyoanzishwa katikati ya miaka ya 1970 kwa mfano wa vyuo vya watu wa Sweden, na vyuo hivi vimewapokea akina mama vijana wakiwa na watoto wao, mama anasoma, mtoto ana mahali pa kuchezea. Mtoto kuwa na mahali pa kuchezea ndicho kile chumba cha pili cha Kongo. Bila hicho, mtaala uwe mzuri namna gani, binti wa kijijini Kasansa haji.

Lakini Msaginya ni mbali na Kasansa. Na ni mbali sana na Karema, ambako sasa tuna bandari mpya ya kufanya biashara na Kalemie na Moba. Bandari imejengwa kwa ajili ya saruji, mchele na unga. Forodha wana ofisi. Uhamiaji wana ofisi. Vita vikisogea kusini mwa Kivu, boti zilezile za unga zitaleta watu, kama zilivyowaleta Kigoma mwaka 1996, na atakayeshuka akiwa na siku moja imebaki katika zile tatu hatahitaji forodha. Atahitaji chumba ambacho wanawake wa Karema tayari wanakitumia kwa mambo yao, vicoba vyao, ushonaji wao, MEMKWA ya watoto wa wavuvi, ili akiingia asionekane. Chumba hicho hakihitaji mradi wa mabilioni. Kinahitaji halmashauri ya wilaya ya Tanganyika ikiingize kwenye bajeti yake, muuguzi mmoja mwenye dawa zile, na akina mama wanne au watano wa pale pale waliofundishwa na kulipwa.

Kuna watakaosema tukitengeneza mlango tunawaita wakimbizi. Hoja hiyo naijua, na kuna watu wazima wenye busara wanaoishikilia. Naiheshimu kidogo tu. Watu wa Katumba hawakuja kwa sababu kulikuwa na shule. Kulikuwa na pori.

Simu zetu ziko wazi sasa. Ningependa kuanza na Karema na Ikola, ninyi mnaoona maboti yakifunga: chumba kama hicho kikiwekwa hapo kwenu, kiwe wapi, na ufunguo mngempa nani? Wa Katumba na Mishamo mtafuata, hasa mliosoma zile shule za kwanza. Na tafadhali, mpigaji, punguza sauti ya redio yako kabla hujaanza kuongea.